Kioo cha Lori la Mpimaji

Mwaka ule nilikuwa mtu aliyechoka. Nilikuwa fundi wa mbao na vioo katika atelie, yaani karakana, ya reli hapa Kindu, na mabehewa yalitufikia kutoka kusini yamelegea kila kiungo: madirisha hayashuki, au yakishuka hayapandi, viti vimeng'oka, vioo vimepasuka. King'ora cha asubuhi kilitukuta tumeshapanga mstari mlangoni, na cha saa kumi alasiri kilitutoa tukiwa na unga wa mbao mpaka ndani ya masikio. Nyumbani mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa tatu, na mtoto yule hakutaka kulala. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande. Niliweza kusinzia nimesimama, randa iko mkononi.

Mke wangu alikuwa na kaka mmoja, na huyo kaka alikuwa shofere wa Mzungu mpimaji wa barabara. Mpimaji na mkewe, tuliyemwita Madamu, hawakuwa na nyumba mjini. Waliishi ndani ya lori. Lilikuwa lori kuukuu la jeshi, na nyuma yake walikuwa wamejengewa chumba cha mbao na bati: vitanda viwili, meza ya kukunjwa ukutani, jiko la mafuta ya taa, kabati la dawa lenye kufuli, mapazia ya maua. Sisi tuliliita lori-nyumba. Lilivuka mto kwa kivuko, likaenda Pangi, likaenda Kailo, wakapima na kusimamisha vigingi vyao vyekundu, na baada ya wiki nne au tano likarudi mjini kupumzika. Shemeji yangu alilala chini ya turubai, kando ya gurudumu la mbele.

Alikuwa shofere hodari, na ninataka jambo hilo lijulikane kwanza. Alijifunza jeshini wakati wa vita. Aliporudi alikuwa na permi ya kuendesha malori makubwa, na wakati ule watu weusi wenye permi ya namna ile hapa kwetu hawakuwa wengi. Aliitunza ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa shingoni. Suruali yake ya kaki ilipigwa pasi hata porini. Mama mkwe wangu alipotaka kunikumbusha kwamba mimi ni mtoto wa watu wa Kasai waliokuja kufuata kazi ya reli, na kwamba ukoo wao ni wa Wangwana wa hapa hapa, alimtaja mwanawe na permi yake. Haikuniudhi. Nilimpenda shemeji.

Alhamisi moja, king'ora cha alasiri kikiwa kimelia, nilitoka nikakuta lori-nyumba limesimama mbele ya atelie. Mbele, upande wa shofere, hapakuwa na kioo. Nusu pamefungwa gunia, na nusu nyingine wazi ili aone njia. Shemeji alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, kofia imeshuka juu ya paji la uso.

"Nini kimevunja?" nilimwuliza.

"Bambu," alisema, yaani mwanzi. "Njia ya Pangi. Mvua ilikuwa imelalisha bambu juu ya barabara. Moja watu walikuwa wameikata, ncha inatutazama. Niliiona nimekwisha kuchelewa."

"Na weye?"

"Vipande kidogo ndani ya jicho. Madamu alinitolea. Iko sawa."

"Umeendesha hivi siku ngapi?"

"Siku tano. Mvua inaingia, wadudu wanaingia. Nimekula wadudu mpaka nimeshiba."

Alicheka kidogo, nami nikacheka. Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu na limevimba. La kulia nalo lilikuwa linatoa machozi. Niliona, nikasema moyoni ni upepo wa siku tano, na sikuuliza zaidi kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani.

Lakini kabla ya kwenda nilipanda kwenye bampa nikatazama. Kioo cha mbele cha lori lile kilikuwa vipande viwili vya bapa, kimoja cha shofere, kimoja cha abiria, katikati mhimili wa chuma. Kila kipande kilishikwa na mpira mweusi wenye mifereji miwili, mmoja unauma bati, mmoja unauma kioo, na juu ya mpira ulipita ukanda mwembamba wa chuma cha kung'aa, kwa urembo na kwa kuubana. Ndani ya mfereji palikuwa pamebaki meno ya kioo. Niling'oa jino moja nikaligeuza kwenye jua. Lilikuwa na rangi ya kijani ukingoni, na lilikuwa kali kama wembe.

Nililifahamu. Lilikuwa kioo cha dirisha la behewa. Mwaka mmoja kabla, jiwe lilipasua kioo cha asili cha upande ule, kile kinachotengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, ambacho kikivunjika hakimwagiki. Sikuwa nacho. Nilikata kioo cha behewa, nikakiweka, nikamwambia shemeji, "Hiki kitakufikisha." Kisha nikasahau.

Asubuhi ya Ijumaa mpimaji alikuja kuzungumza na mkubwa wa atelie, Mzungu mwenzake, kisha wote wawili wakaniita. Kivuko kilikuwa kimeahidiwa kwake siku ya Jumanne.

"Fundi, utaweka kioo kama ile ya zamani," mpimaji alisema kwa Kiswahili chake cha safari. "Haraka."

"Bwana, ile haikuwa kioo ya gari," nilisema. Nilijisikia nikisema, na nikashangaa kidogo, kwa maana sikuwa mtu wa kujibu. "Ile ni ya treni. Ikivunjika inakata watu. Safari hii tutafute ya kweli."

"Ya kweli iko wapi?"

Shemeji, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alijibu badala yangu. Kulikuwa na lori la aina ileile lililopinduka zamani karibu na Kibombo. Mchuuzi mmoja wa mpunga alilivutia kwenye uwanja wake, na upande mmoja kioo kilikuwa bado kizima. Mkubwa wa atelie alinipa karatasi ya njia, nikapanda treni ya mizigo ya asubuhi ile ile, na blanketi la mke wangu chini ya kwapa.

Nilisinzia njia nzima. Nilipoamka kwa kishindo cha breki nilikuwa na alama za gunia shavuni. Uwanja wa mchuuzi haukuwa mbali na kituo. Lori lilikuwa limezama mpaka ekseli, magugu yameota ndani ya injini, kuku wamelala juu ya usukani. Kioo cha abiria kilikuwepo kweli. Kilikuwa kimeanza kugeuka njano kwenye pembe moja, lakini katikati kilikuwa safi.

Mchuuzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tasbihi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi ni fundi wa mbao.

"Ndiyo, baba."

"Mulango ya gala yangu imeanguka miezi miwili. Panya wanakula kama ni yao. Utengeneze mulango, ubebe kioo."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilitengeneza mlango. Bawaba zilikuwa zimekula kutu, nikazipika kwa mafuta na moto. Fremu ilikuwa imeliwa na mchwa upande wa chini, nikaikata na kuunga kipande kipya. Jua lilikuwa limepinda nilipouinua mlango na kuufunga, mchuuzi akauvuta mara tatu akiusikiliza, akasema, "Allah akubariki, mwanangu," kisha akafukuza kuku wake ili nianze kazi iliyonileta.

Mpira wa lori lile ulikuwa umekufa, umekuwa mgumu kama pembe. Niliukata kwa kisu polepole kuzunguka kioo, nikiogopa kila sauti. Hatimaye kioo kilinilalia mikononi, kizito kuliko nilivyotazamia. Nilikifunga ndani ya blanketi nikarudi na treni, nimekibana katikati ya magoti kama mtu aliyempakata mgonjwa.

Jumamosi nilikikata, maana kioo cha abiria kilizidi cha shofere kwa upana wa vidole viwili. Kioo cha tabaka mbili ni mateso. Ukikichora upande mmoja kwa almasi na kukigonga, tabaka hilo linaachia, lakini la pili linabaki, na katikati kuna utando kama ngozi ya yai unaoshika vyote. Unapaswa kukigeuza na kuchora upande wa pili juu ya mstari ule ule bila kupotoka hata kwa unene wa uzi. Ukishapasua pande zote mbili, unamimina spiriti kwenye mstari, unawasha. Moto wa buluu unakimbia kwenye ufa, utando unalainika, na hapo una muda mfupi tu wa kuvuta na kupitisha wembe kabla haujaganda tena. Ukichelewa, kinapasuka. Ukiharakisha, kinapasuka.

Nilifanya kazi ile kwenye meza ya atelie baada ya wenzangu kuondoka. Shemeji alishika upande mmoja. Nilikuwa nimechoka, nikalazimika kuketi chini mara mbili. Moto ulipokimbia nilimwambia, "Vuta," akavuta, nami nikapitisha wembe, na kile kipande kikatoka kizima. Pembe moja ya chini ilimeguka kidogo, mahali ambapo mpira ungeificha. Tulibaki tunakitazama. Kisha shemeji alifuta macho kwa kiwiko cha mkono, nikadhani ni moshi.

Jumapili sikwenda misa. Lori lilikuwa limesimama karibu na mto, mpimaji amekwenda kula kwa Wazungu wenzake, na Madamu alikuwa amebaki, akinipashia maji kwenye sufuria yake kubwa. Niliutumbukiza mpira wa zamani wa lori-nyumba ndani ya maji hayo pamoja na sabuni, nikaukanda mpaka ukarudiwa na uhai. Ukanda wa chuma ulikuwa umepinda mahali ambapo bambu ilipita. Niliulaza juu ya ubao nikaunyoosha kwa nyundo ya mti, pigo dogo dogo, na kipande kimoja kilichopotea nilikitoa kwenye ukingo wa dirisha la behewa bovu. Hakikufanana rangi. Ndani ya kabini palikuwa na fremu ya mbao iliyozunguka vioo, Madamu alipozoea kutundika vitunguu vyake, nayo ilikuwa imeoza kwa mvua ya siku tano. Niliibadilisha kwa mvule niliokuwa nimeuranda mapema.

Kuweka kioo chenyewe ni kazi ya watu wawili. Unauvisha mpira kwenye kioo, unazungusha kamba nyembamba ndani ya mfereji wa pili, ncha zake unaziacha upande wa ndani. Mmoja anasimama nje anasukuma kioo kwa viganja, mwingine anakaa ndani anavuta kamba, na kamba inapotoka inauvuta mdomo wa mpira juu ya bati. Aliye nje ana kazi nyingine pia, kutazama kama mpira wa nje haujajikunja.

Nilikuwa ndani, shemeji nje. Nilivuta kuanzia chini, nikazunguka pembe, nikapanda juu, nikashuka kando ya mhimili wa katikati.

"Iko sawa?" niliuliza kupitia kioo.

"Iko sawa."

"Karibu na chuma, hapo kushoto kwako?"

"Iko sawa, vuta."

Nilimaliza, nikashuka kutazama. Kando ya mhimili, upande wa kushoto wa mtu aliyesimama pale aliposimama yeye, mpira ulikuwa umejikunja urefu wa shibiri nzima. Mtoto angeuona.

"Na hii?" nilisema.

"Hii ipi?"

Aligeuza kichwa chote, si macho, akautafuta mpira kwa vidole mpaka akaupata. Nilichukua bisibisi, nikamnyooshea upande wake wa kushoto, karibu na bega, kama mtu anayempa mwenzake chombo. Hakuipokea. Alikuwa bado anapapasa mpira. Nikaitikisa. Hakuipokea.

"Shemeji, jicho hilo halioni," nilisema.

Alishusha mikono. Alitazama nyuma kama Madamu yuko karibu, lakini Madamu alikuwa ameingia ndani.

"Inaona mwangaza."

"Na hili lingine?"

"Hii inaona. Asubuhi kuna ukungu, halafu unatoka."

"Ukungu tangu lini?"

"Siku mbili, tatu. Ni uchovu."

Tuliketi kwenye bampa. Nilimwambia lile jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Alhamisi, kwamba kioo kilichomwingia jichoni kilikuwa kioo changu, cha behewa, kwamba kingekuwa cha tabaka mbili kisingemwagika usoni pake.

"Najua," alisema. "Nilikuwepo siku ulipokiweka. Hakukuwa na kingine. Weye ungefanya nini?"

"Mwambie Bwana. Mwende hospitali."

"Nikienda hospitali wataandika. Wakiandika, permi inakwenda. Permi ikienda, mimi njo nani? Weye uko na mikono yako, hata Wazungu wakikufukuza kesho utatengeneza mulango ya muntu. Mimi niko na usukani tu." Alishika mfuko wa ngozi kifuani pake. "Usifungue kinywa, shemeji. Nakuomba kwa jina la dada yangu."

"Nimesikia," nilisema.

Kwetu "nimesikia" inaweza kuwa ahadi, na inaweza isiwe. Nadhani yeye aliipokea kama ahadi. Mimi mwenyewe sikujua ilikuwa nini. Tulirudia upande uliojikunja, nikapigilia ukanda wa chuma, nikamwagia maji kwa ndoo kuona kama panavuja. Hapakuvuja.

Jumatatu nilitoka nyumbani kabla ya wakati, nikapita njia ya mto. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliwaza madaraja ya magogo ya njia ya Pangi, ambayo gurudumu likipotoka kwa upana wa mkono mnaanguka wote. Niliwaza watoto wanaosimama pembeni mwa barabara kushangilia lori. Niliwaza vile vipande vya kijani. Lakini nisijipambe: nilikuwa pia nimechoka, na siri ile ilikuwa kitu kimoja zaidi cha kubeba, na sikuwa na mahali pa kukiweka.

Madamu alikuwa anaanika nguo kwenye kamba iliyofungwa kwenye lori.

"Madamu," nilisema, "shofere hawezi kuendesha. Jicho moja limekufa. La pili limeanza."

Alibaki ameshika shuka. "Nilimtilia dawa kila siku," alisema. "Alisema anaona vizuri."

"Haoni, Madamu."

Aliitundika ile shuka mpaka mwisho, akainyoosha pembe, kisha akakausha mikono kwenye aproni yake. Shemeji alikuwa upande wa pili wa lori akikaza boliti za gurudumu. Tulisikia spana ikilia kwenye chuma. Niliondoka bila kumwamkia.

Alasiri nilipopita tena, mpimaji alikuwa ameketi peke yake kwenye ngazi. Nilidhani atanigombeza.

"Ilikuwa lazima uniambie mimi," alisema. "Si Madamu."

"Ndiyo, Bwana."

Alisimama, akaenda mbele, akakigonga kioo kwa kiungo cha kidole, akapitisha dole gumba juu ya ukanda mahali ambapo rangi haikufanana. "Kazi nzuri," akasema kwa sauti ya mtu anayesema kitu kingine. Naye alionekana amechoka.

Shemeji alikuwa amekwisha kupelekwa katika hospitali ya watu weusi. Jumatano walimtoa jicho la kushoto. Mwuguzi mmoja wa kwetu Kasai, tuliyesali naye, alinieleza pembeni mwa uzio alivyosikia kwa daktari. Alisema macho ni kama mapacha. Moja likijeruhiwa vibaya na kuachwa ndani, linaweza kumvuta mwenzake. Lile la kulia lilikuwa limeanza kuvutwa. Siku chache zaidi, alisema, na hakuna anayejua kama lingepona.

Nilikwenda kumwona pamoja na mke wangu, aliyekuwa amebeba wali na samaki. Kichwa cha shemeji kilikuwa kimefungwa bendeji. Alimsikia dada yake, akanyoosha mkono. Alisikia kikohozi changu, akaugeukia ukuta.

"Mwambie mume wako kioo chake ni kizuri sana," alisema.

Mke wangu hakuniambia kitu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale pale. Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumba ndipo alipouliza.

"Alikuomba kwa jina langu?"

"Ndiyo."

"Na ukaenda."

"Nilikwenda."

Msimu ule wote wa mvua aliniandalia chakula kama kawaida, akaweka maji ya kunawa, kisha akaenda kula na watoto jikoni. Nilijaribu kumweleza maneno ya mwuguzi. Alisikiliza, akasema, "Labda," akaendelea kuchambua mchele. Mama mkwe wangu aliacha kumtaja mwanawe na permi yake, na ukimya huo ulikuwa mbaya kuliko masimango yake ya zamani.

Permi waliichukua. Mpimaji alipata shofere mwingine kutoka Kongolo, na lori-nyumba likavuka wiki moja baadaye kuliko ilivyopangwa. Liliporudi baada ya miezi miwili nilikwenda kulitazama. Kioo kilikuwa kimeshika, ila mpira ulikuwa umeanza kupasuka kwenye pembe ya juu, nikauziba. Madamu aliniuliza habari za shofere wake wa zamani. Alinipa miwani myeusi kutoka Ulaya, imefungwa kwenye kitambaa, nimpelekee. Niliituma kwa mkono wa mke wangu. Sikuwahi kumwona ameivaa.

Shemeji alivuka mto akaenda kulima mpunga kwenye ardhi ya wajomba zake, njia ya Kailo. Watu waliotoka huko walituambia kwamba alikuwa mkulima mbaya mwaka wa kwanza, na wa pili si mbaya sana. Jicho la kulia lilitulia. Mtu mmoja alimwambia kwamba daktari ndiye aliyeliokoa, kwa kulitoa lile bovu mapema. Akajibu, "Dakitari atasema nini kingine? Alikwisha kulitoa." Jibu hilo lilinifikia, na nililiwaza siku nyingi, kwa maana hata mimi sikuwa na njia ya kujua. Ukungu ule ungeweza kutoka wenyewe. Daktari angeweza kukosea. Sina ila neno la mwuguzi, lililosemwa kwa kunong'ona kando ya uzio.

Alianza kuja kwetu tena kwa ajili ya dada yake, wakati wa sikukuu, au alipoleta mchele sokoni. Alikuja mchana, akawabeba watoto, akacheka nao. Mimi alinijibu salamu. Lakini nyumbani kwetu palikuwa na viti viwili kando ya meza, kimoja upande huu na kimoja upande ule, na kila mara alichagua kile kilichonielekezea upande wake wa kushoto. Tulikula hivyo, mke wangu akiwa bado jikoni na watoto, mimi nikitazama kope iliyolala juu ya mahali patupu, yeye akitazama mlango. Ilikwenda hivyo miaka minne, pengine mitano. Nilizoea. Mtu anazoea.

Kisha siku moja ya kiangazi alifika na vumbi mpaka magotini, akaketi kiti cha upande wa pili. Huenda ni kwa sababu kile kingine kilikuwa kimelegea mguu na sikuwa nimepata nafasi ya kukitengeneza. Alinitazama kwa jicho lake moja, jicho safi, lisilo na wekundu wowote, akanitazama kwa muda kuliko ilivyohitajika.

"Umezeeka, shemeji," alisema.

"Kazi," nilisema.

"Bado mabehewa?"

"Bado."

Alitikisa kichwa. Mke wangu alileta maji ya kunawa, akammiminia yeye kwanza, kisha mimi, na safari ile akavuta kigoda akaketi pamoja nasi.